Gari Likitetemeka, Tuulize Linatetemeka Vipi

Ndugu wasomaji, leo tunajifunza jambo ambalo limewamalizia fedha wenye magari wengi huku vijijini. Jambo lenyewe ni mtetemo wa gari. Hatuzungumzii kutikisika kwa sababu ya mashimo. Hapo gari haliumwi, barabara ndiyo mbaya. Tunazungumzia gari ambalo hata likipita njia laini, likifika mwendo fulani tu, sakafu inaanza kuvuma, vioo vinapiga kelele, na abiria wa nyuma wanashika vyuma wakiulizana kuna nini.

Magari yenyewe wengi wetu tunayajua. Ni zile Land Rover za zamani zenye springi za majani. Kiwanda cha Uingereza kilianza kuziuza mwaka 1948. Aina ya tatu, yaani Series III, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kabisa kati ya hizo imeshapita miaka 40. Lakini bado zinafanya kazi. Zinabeba mahindi, vitunguu, mbolea, wagonjwa na maiti. Mwaka 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha na magari yao, ya zamani na mapya, na watu walishangaa kuona yalivyo mengi.

Ni chache sana zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani. Hii imewekwa injini ya Kijapani, ile imeongezwa majani ya springi, nyingine imeunganishwa chesisi ili ibebe watu zaidi. Hatusemi ni vibaya. Gari la kijijini linabadilishwa kwa sababu kazi zinabadilika na vipuri vya zamani ni ghali. Lakini kila badiliko lina deni lake, na mara nyingi deni hilo hudaiwa chini ya gari, kwenye propela.

GARI LETU LA MFANO

Tuchukue gari moja la mfano. Ni Land Rover 109 ya kikundi cha wakulima. Injini yake ya petroli ilikufa, wakaweka ya dizeli ya Kijapani. Kisha, ili gari libebe magunia mengi zaidi, waliongeza majani mawili kila springi ya nyuma, wakachonga shekeli ndefu kuliko za zamani kwa upana wa kiganja. Shekeli ni vile vyuma viwili vinavyoshika mwisho wa springi na kuuacha ucheze.

Tangu hapo, gari likifika kilometa 60 kwa saa linavuma. Fundi wa kwanza akasema ni krosi. Wakauza magunia mawili ya mahindi, wakanunua krosi. Mtetemo ukabaki palepale, na baada ya miezi michache krosi ikafa. Wakanunua nyingine. Nayo ikafa. Mara ya tatu ilikatika saa nane usiku, gari likiwa limembeba mama mjamzito kwenda hospitali ya wilaya. Bahati yao, propela ilidondoka upande wa difu, ikaburuzwa tu, gari likasimama. Ingedondoka upande wa mbele, ncha yake ingeweza kuchomeka ardhini na kulirusha gari. Walikaa pale saa tatu mpaka lilipopita lori.

Sasa basi, watu wa kikundi waligawanyika. Wengine walisema injini ya Kijapani haiendani na gari la Mwingereza. Wengine walisema krosi za siku hizi ni bandia. Hakuna aliyeuliza gari linatetemeka vipi.

NGUVU INAPITA WAPI

Tukumbuke njia ya nguvu. Injini inazungusha klachi, klachi inazungusha gia boksi. Nyuma ya gia boksi la Land Rover kuna boksi la pili, linaloitwa transfa. Transfa inagawa nguvu kwa mabomba mawili: moja linakwenda mbele, jingine linakwenda nyuma. Mabomba hayo ndiyo propela. Propela ya nyuma inazungusha difu ya nyuma, na difu inazungusha magurudumu.

Transfa imefungwa kwenye chesisi, imetulia. Difu haijatulia, inapanda na kushuka pamoja na springi. Kwa hiyo propela haiwezi kufungwa kikavu. Kila mwisho wake unahitaji kiungo kama cha bega. Kiungo hicho ndicho krosi: kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, na kila ncha yake imevaa kikombe chenye beringi za sindano. Mtaliano Gerolamo Cardano, aliyeishi 1501 hadi 1576, jina lake ndilo lililobaki kwenye kiungo hiki katika nchi nyingi za Ulaya. Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17 alikitumia na kukieleza, ndiyo maana vitabu vya Kiingereza vinamtaja yeye.

Kiungo hiki kina tabia moja ambayo tunaomba mwisome polepole. Kikiwa kimenyooka, upande wa pili unazunguka sawasawa na upande wa kwanza. Kikiwa kimepinda, hauzunguki sawasawa. Unakwenda haraka kidogo, halafu taratibu kidogo, haraka tena, taratibu tena. Katika mzunguko mmoja wa propela jambo hili hutokea mara mbili. Kadiri krosi inavyopinda zaidi, ndivyo tofauti inavyokua. Ikipinda digrii 9, mwendo unapanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.2. Ikipinda digrii 20, ni karibu asilimia 6. Mnaona kwamba pembe imezidi kidogo tu mara mbili, lakini ubaya umeongezeka karibu mara tano.

Basi mbona magari yote hayatetemeki? Kwa sababu krosi ni mbili. Ya mbele inaharibu, ya nyuma inatengeneza. Mmeona kina mama wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akiinua mchi, mwenzake anashusha. Wakienda kwa zamu, na wakiinua kwa kimo kimoja, kazi inakwenda vizuri. Zamu ikikosewa, michi inagongana. Na krosi ni hivyo hivyo. Zinadai mambo mawili: ziwe katika zamu, na zipinde sawa. Mbele ikipinda digrii 9, na nyuma nayo ipinde 9. Hapo difu inapokea mzunguko uliotulia.

Fundi asiyejua jambo hili atabadilisha krosi mpaka kikundi kifilisike.

TUANZE NA MASIKIO NA MAKALIO

Kabla ya kuingia chini ya gari, tuliendeshe. Gari lisiwe na mzigo wala abiria, isipokuwa mtu mmoja wa kusikiliza. Tuchague barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na watu wala mifugo. Tufike mwendo ule linapotetemeka. Kisha tukanyage klachi, tutoe gia, tuache injini iungurume taratibu huku gari likiserereka. Tusizime ufunguo hata kidogo. Usukani na breki tunavihitaji.

Kama mtetemo umekatika palepale, tuangalie injini, klachi na mipira ya kushikia injini. Kuna krosi mbovu pia ambazo hulia zikivutwa tu, kwa hiyo tusizisahau moja kwa moja. Kama mtetemo umeendelea na unapungua pole pole kadiri gari linavyopunguza mwendo, basi injini haina kosa. Ugonjwa uko kwenye kitu kinachozungushwa na barabara: magurudumu, ekseli, difu au propela.

Gari la mfano liliendelea kuvuma bila gia. Kwa hiyo wale walioilaumu injini ya Kijapani walikuwa wameionea.

Halafu tusikie mtetemo uko wapi. Ukiwa kwenye usukani, tushuku magurudumu ya mbele na viungo vyake. Ukiwa sakafuni na kwenye kiti, tushuku nyuma au propela. Siyo sheria ya kuapia, maana Land Rover yote ni bati na hupeleka kelele kila pembe, lakini ni mwanzo mzuri.

SASA HESABU KIDOGO

Hapa ndipo hesabu tulizojifunza kisomoni zinapotuingizia fedha mfukoni. Weka alama ya chaki kwenye tairi ya nyuma na nyingine ardhini chini yake. Sukuma gari likiwa limenyooka mpaka alama ya tairi irudi chini. Pima umbali kwa futi kamba. Kwa tairi ya kawaida ya Land Rover 109, yaani 7.50-16, utapata karibu meta 2.5.

Weka pia alama ya chaki kwenye propela. Tairi ikizunguka mara moja, propela itazunguka mara 4 na karibu robo tatu. Kiwanda kinasema 4.7. Kama difu iliwahi kubadilishwa, hesabu yako itakuwa tofauti, na hilo nalo ni vizuri kulijua.

Kilometa 60 kwa saa ni meta 60,000 kwa dakika 60, yaani meta 1,000 kwa dakika moja. Gawa kwa 2.5. Tairi inazunguka mara 400 kwa dakika. Zidisha kwa 4.7. Propela inazunguka mara 1,880 kwa dakika.

Tukigawa tena kwa 60 tunapata mambo ya sekunde moja. Tairi ni mara 6 au 7. Propela ni mara 31 hivi. Na krosi zilizopinda vibaya, kwa kuwa zinasukuma mara mbili kila mzunguko, ni mara 63 hivi.

Namba hizi mwili wako unazitambua hata bila saa. Mara 6 au 7 kwa sekunde ni kutikisika: maji kwenye chupa yanaruka, kidevu kinacheza, unaweza karibu kuhesabu. Huo ni ugonjwa wa gurudumu. Mara 31 ni mtetemo mzito, kama kusimama karibu na mashine ya kusaga. Hiyo ni propela iliyopinda au yenye uzito upande mmoja. Mara 63 ni mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga, unaoingia masikioni na kwenye nyayo. Hapo shuku pembe za krosi, au zamu yake.

Fundi wa pili wa kikundi, mzee mmoja asiyependa haraka, alikaa nyuma ya gari bila viatu wakati wa kulijaribu. Dereva akamwuliza, "Fundi, tukanunue krosi nyingine mjini?"

"Subiri kwanza, kijana. Hili halitikisiki, linavuma. Mvumo huu ulianza lini?"

"Ulianza tulipoinua springi, mzee."

"Mbona hamkumwambia fundi wa kwanza?"

"Hakuuliza."

KABLA YA KUINGIA CHINI

Ndugu wasomaji, kipande hiki kisomwe mara mbili. Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa, mwanzoni mwa propela ya nyuma. Kwa hiyo ukiifungua propela ya nyuma, handibreki haishiki tena magurudumu ya nyuma. Hata propela ikiwepo, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu hilo lizunguke, na gari linaweza kuondoka huku handibreki imevutwa mpaka mwisho. Watu wameumia hivyo, na wengine wamekufa.

Weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka, liegemee kwenye stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawa. Tofali la kuchoma hupasuka bila kuaga. Funguo za gari awe nazo yule aliye chini.

TUNAANGALIA NINI

Tuanze kwa kuosha. Tope kavu lililoganda kwenye propela au ndani ya rimu linatosha kutetemesha gari. Tukishaosha tutaona pia kama bomba la propela limebonyea.

Shika propela karibu na krosi, izungushe mbele na nyuma, kisha isukume juu na chini. Krosi nzima haina mchezo. Unga mwekundu wa kutu kwenye midomo ya vikombe ni dalili kwamba grisi imekwisha na sindano zinajisaga. Angalia bolti nne za kila flanji. Nyingi zinataka spana ya 9/16, wala siyo ya milimeta inayokaribia, maana hiyo hula kona za nati. Angalia yubolti za springi na bolti ya katikati ya springi. Hiyo ikikatika, ekseli hurudi nyuma upande mmoja.

Sasa zamu. Propela ya nyuma ina sehemu mbili: moja inaingia ndani ya nyingine kwa meno, ili irefuke na kufupika springi zinapocheza. Ikichomolewa na kurudishwa vibaya, krosi mbili hazitakuwa katika mstari mmoja. Tazama masikio yanayoshika krosi pale kwenye bomba lenyewe, mbele na nyuma. Masikio ya mbele yakiwa yamesimama wima, na ya nyuma yawe yamesimama wima. Propela nyingi zina mishale miwili iliyogongwa kwenye chuma, nayo itazamane. Ukiona imepishana hata kwa meno machache, umepata mchawi wako. Dawa yake haina gharama: fungua, chomoa, rudisha kwenye alama. Kabla ya kufungua propela yoyote, gonga alama kwenye flanji zote mbili ili irudi ilivyokuwa.

Kwenye gari la mfano mishale ilikuwa inatazamana. Mzee akafungua propela ya nyuma, akaiweka pembeni, akatia gia ya magurudumu manne ili gari livutwe na magurudumu ya mbele peke yake. Hiki ni kipimo kizuri ambacho magari mengi hayana. Wakaenda kilometa mbili kwenye tambarare, wakafika 60. Kimya. Mvumo ulikuwa umelazwa pale pembeni, chini ya mwembe, pamoja na propela.

KIPIMO CHA PROTRAKTA

Kubaki kwa pembe kulihitaji kupimwa. Hapa mjini wana vyombo, lakini kijijini tunaweza kutengeneza chetu, na kinatosha.

Tafuta kipande cha ubao kilichopigwa randa, ukubwa wa daftari, kingo zake zote ziwe mraba. Azima protrakta ya mkebe wa mwanafunzi. Igundishe kwenye uso wa ubao, ule ukingo wake ulionyooka uwe sambamba na ukingo wa juu wa ubao, na duara litazame chini. Katikati ya protrakta pitisha uzi, na mwisho wa uzi funga nati ndogo. Ubao ukilala sawa, uzi unakata 90. Ubao ukiinama digrii 2, uzi unakata 88 au 92.

Gari lisimame kwa magurudumu yake, na lisisogezwe mpaka upimaji umalizike. Liwe na mzigo wa kawaida, maana gari tupu na gari lenye magunia havina pembe moja. Gusisha ukingo wa pembeni wa ubao kwenye uso wa flanji ya transfa uliosafishwa. Andika namba. Weka ukingo wa chini juu ya bomba la propela, ikiwa imefungwa. Andika namba. Gusisha tena ubao kwenye uso wa flanji ya difu. Andika. Kila mara soma kutoka upande uleule wa gari, la sivyo utachanganya kuinama mbele na kuinama nyuma.

Mzee alipata hivi. Transfa, 88, yaani inateremka kwenda nyuma digrii 2. Propela, 79, yaani inateremka digrii 11. Difu, 84, yaani inateremka digrii 6.

Toa sasa. Krosi ya mbele imepinda 11 kutoa 2, ni digrii 9. Krosi ya nyuma imepinda 11 kutoa 6, ni digrii 5. Tisa na tano! Mtwangaji mmoja anainua mchi juu, mwenzake anainua nusu.

Tuirudie kwa mizunguko. Kwa 1,880 kwa dakika, krosi ya mbele inapandisha na kushusha mwendo kwa mizunguko 23 hivi. Ya nyuma inarudisha 7 tu. Zile 16 zinazobaki zinaipiga difu, zinapiga sakafu, na zinasaga sindano za krosi usiku na mchana. Ndiyo sababu krosi zilikuwa zinakufa. Hazikuwa bandia.

Ubaya ulitoka kwenye shekeli. Springi ya nyuma ya Land Rover hii imefungwa moja kwa moja upande wa mbele, na shekeli iko upande wa nyuma. Ukirefusha shekeli, mwisho wa nyuma wa springi unashuka, springi nzima inainama, na ekseli iliyofungwa juu yake inazunguka nayo. Pua ya difu inatazama juu. Majani yaliyoongezwa hayakufanya kosa hilo. Yaliinua gari tu, na kuzidisha kidogo pembe za krosi zote mbili kwa pamoja.

DAWA

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kutia kabari ya chuma kati ya springi na kiti chake kwenye ekseli, upande mnene ukae pale utakaposhusha pua ya difu. Kabari ichongwe na mtu wa mashine, kwa digrii zilizopimwa, siyo kwa kukisia, na zilingane kulia na kushoto. Yubolti ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Dawa ya pili ni kurudisha shekeli za kipimo cha kiwanda.

Sisi tunapenda ya pili. Shekeli ndefu huyumbisha gari kwenye kona, na gari la kubeba watu halihitaji kuyumba. Kikundi nacho kilichagua hiyo, ingawa wawili walinung'unika kwamba gari litakuwa fupi.

Walirudisha shekeli, wakaacha majani, wakapima upya. Transfa inateremka 2, propela 10, difu 2 na nusu. Krosi ya mbele digrii 8, ya nyuma 7 na nusu. Tofauti ya nusu digrii haina neno. Hata digrii 1 haisumbui. Wakaweka krosi mpya ya nyuma, maana ile ilishaumia, wakatia grisi mpaka ikatokeza kwenye vikombe vyote vinne. Ikitokeza vitatu tu, kimoja kimeziba.

Gari likafika 60 bila mvumo. Lakini lilipofika 70 likaanza jambo jingine: kutikisika taratibu, mara saba au nane kwa sekunde. Dereva akakata tamaa. Mzee akasema hesabu. Mara saba au nane kwa 70 ni gurudumu. Wakageuza tairi za nyuma wakatazama ndani. Rimu ya kushoto ilikuwa na tope la mfinyanzi lililokauka kama tofali, upande mmoja tu. Walipoosha gari mwanzoni walikuwa wameosha propela na nje ya magurudumu. Wakalibandua kwa bisibisi.

Kama baada ya yote hayo bado ungesikia ule mtetemo mzito wa kati, wa mara 31, ungejua bomba la propela halina mizani. Lijaribu hivi. Gawanya bomba kwa chaki sehemu nne, karibu na upande wa difu. Funga klipu ya hosi, skrubu yake iwe kwenye alama ya kwanza, uendeshe. Kisha sogeza skrubu kwenye alama ya pili, ya tatu, ya nne. Mahali mtetemo unapopungua, ndipo bomba linapodai uzito. Iache klipu hapo, ikazwe vizuri, mpaka utakapopata nafasi ya kuipeleka propela mjini kupimwa mizani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari lina tairi yenye mzunguko wa meta 2, na difu ya 4. Likienda kilometa 60 kwa saa, propela inazunguka mara ngapi kwa dakika? Mvumo wa krosi zilizopinda vibaya utakuwa mara ngapi kwa sekunde?

2. Transfa inateremka digrii 3, propela 9, difu 3. Krosi zimepinda kiasi gani? Je, gari hili litavuma kwa sababu ya pembe?

3. Kwa nini mzee alimwuliza dereva mvumo ulianza lini, kabla ya kugusa spana?

4. Katika kijiji chenu, ni nani anayeshika funguo za gari fundi akiwa chini?